Saini Kutoka Ujiji: Dakta Livingstone na Barua Zake

Ukitaja Kigoma hapa chuoni, mtu atakutajia vitu vitatu: dagaa, mawese na treni. Akiwa amesoma historia kidogo anaongeza la nne, kwamba kuna Mzungu alikutana na Mzungu mwenzake Ujiji chini ya mwembe. Basi, stori imeisha. Sisi wa huko tumeusikia mwembe huo tangu darasa la tatu, tumepelekwa kuuona kwa mstari na sare za shule, tumeoneshwa sanamu mbili zinazosalimiana, tumerudi nyumbani. Mwembe wenyewe wa zamani haupo tena. Iliyopo inaelezwa kuwa ni uzao wake. Leo nauacha mwembe upumzike. Nataka kumwandika Dakta David Livingstone kupitia mkono wake wa kulia, yaani barua alizoandika, mwandiko wake na saini yake, maana ukifuatilia hayo unapata mtu tofauti kidogo na yule wa kitabu cha historia.

Huko Marekani kuna mashabiki wa besiboli wenye tabia moja ya ajabu. Mtu anachukua kadi yenye picha ya mchezaji anayempenda, anaandika barua fupi ya heshima, anaweka ndani bahasha nyingine tupu yenye stempu na anwani yake mwenyewe, halafu anaposti. Kisha anasubiri. Wiki, miezi, wengine miaka. Siku moja bahasha inarudi na kadi imesainiwa, au inarudi kadi vilevile ilivyokwenda, au hairudi kabisa. Wapo waliojaza maboksi kwa njia hiyo. Kwetu sisi ambao saini tunaijua kwenye bumu na kwenye karatasi ya mahudhurio (na tusidanganyane, si kila saini ya mahudhurio imeandikwa na mwenye jina), jambo hili linaweza kuonekana ni kupoteza hela ya stempu tu. Lakini Ujiji iliwahi kuwa kituo cha kusubiri kwa namna hiyohiyo, zaidi ya miaka 150 iliyopita. Tofauti ni kwamba stempu ilikuwa miguu ya binadamu, na safari ya kwenda pwani peke yake ilikula miezi.

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813, Blantyre, Uskoti, karibu na Glasgow. Familia ilikuwa maskini, watu wengi chumba kimoja. Akiwa na miaka 10 akaanza kazi kwenye kiwanda cha pamba, saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku. Kwa sehemu ya mshahara wake wa wiki ya kwanza akanunua kitabu cha sarufi ya Kilatini. Baada ya kazi aliingia darasa la usiku, na mchana aliegesha kitabu juu ya mashine akawa anadokoa sentensi moja moja kila akipita. Sisi wa ualimu tunafundishwa nadharia nyingi za motisha ya kujifunza. Sidhani kama kuna nadharia inayomtosha mtoto huyu.

Mwaka 1836 akaanza masomo ya udaktari Glasgow, akajiunga na Chama cha Misioni cha London, na mwaka 1840 akapata leseni ya utabibu. Alitaka kwenda China, lakini Vita vya Kasumba vikaziba njia. Akakutana na Robert Moffat, mmisionari aliyekuwa Kusini mwa Afrika, na Desemba 1840 akapanda meli kuelekea huko. Ya Kusini nitayapitia haraka, maana vitabu vimejaa. Mwaka 1844 alivamiwa na simba akavunjwa mfupa wa juu wa mkono wa kushoto. Mfupa ukaunga vibaya, na huo mkono tutaurudia. Mwaka 1845 akamwoa Mary, binti wa Moffat. Mwaka 1852 akaisafirisha familia yake kwenda Uingereza, yeye akarudi porini. Watoto walikua wakimjua baba yao kwa barua.

Mwaka 1854 alifika Luanda, pwani ya Angola, akiwa na watu wa Makololo waliopewa naye na mfalme wao Sekeletu. Alikuwa hoi kwa homa. Manahodha wa Kiingereza wakamwambia apande meli arudi kwao, akakataa kwa sababu alikuwa ameahidi kuwarudisha wale watu makwao. Barua, ramani na taarifa zake ndizo zilizopanda meli, meli iitwayo Forerunner. Ikazama karibu na Madeira. Livingstone alipata habari hiyo akiwa njiani, akakaa Pungo Andongo akaanza kuandika yote upya. Fikiria umepoteza tasnifu yako na flashi imekufa, na hakuna nakala. Huyu alirudia kila kitu kwa kalamu.

Novemba 1855 akaoneshwa maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, akayapa jina la malkia wake. Pale kwenye kisiwa cha juu ya maporomoko alichonga kwenye mti herufi za mwanzo za jina lake na mwaka. Alikiri mwenyewe kwamba ulikuwa ni udhaifu wa majivuno, na kwamba hakuufanya mahali pengine. Hiyo nayo ni saini, na ndiyo pekee aliyoiweka bila kuombwa na mtu.

Aliporudi Uingereza mwishoni mwa 1856 akajikuta ni staa. Kitabu chake cha safari kilichotoka 1857 kiliuzwa nakala zipatazo 70,000, na watu walimzonga barabarani. Enzi zile Waingereza walikuwa na homa ya kukusanya saini za watu mashuhuri. Wapo waliokata kipande cha chini cha barua chenye jina na kutupa maneno yote ya juu. Hebu jiulize: barua nzima ya mtu aliyevuka bara kwa miguu, unabakiza jina tu. Ndivyo mashabiki walivyo.

Safari ya pili, ya mto Zambezi, 1858 hadi 1864, ilikuwa balaa. Mto haukupitika kwa meli kama alivyoahidi, wenzake waligombana naye, na tarehe 27 Aprili 1862 Mary akafariki kwa homa pale Shupanga. Serikali ikamwita nyumbani. Lakini kwangu mimi pigo kubwa zaidi la miaka ile lilitokea mbali na Zambezi. Mtoto wake wa kwanza, Robert, alikwenda Marekani akaingia jeshini upande wa Kaskazini kwenye vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Hakujiandikisha kwa jina lake. Alisaini kama Rupert Vincent, na alimwandikia baba yake kwamba amebadili jina ili asilitie doa jina la familia. Alitekwa akafa kwenye kambi ya wafungwa huko Salisbury, North Carolina, Desemba 1864, akiwa bado kijana wa umri wetu. Jina ambalo nusu ya Uingereza ililitaka kwenye karatasi, mwenye haki nalo kuliko wote aliogopa kulitumia.

Safari ya tatu ndiyo iliyomleta kwetu. Aliingia bara mwaka 1866 kupitia kusini, upande wa mto Ruvuma, akitafuta chanzo cha mto Nile na kutaka kuufichua utumwa wa bara. Baadhi ya wapagazi walimkimbia, na ili walipwe wakatangaza Zanzibar kwamba ameuawa. Magazeti ya Ulaya yakamzika kwa mara ya kwanza. Mwaka 1867 kikosi kilichoongozwa na Edward Young kikaenda Nyasa na kuthibitisha kwamba ni uongo. Yeye wakati huo alikuwa anasonga, bila dawa, maana Januari 1867 mpagazi mmoja alitoroka na sanduku la dawa. Aliona kwanza Ziwa Tanganyika upande wa kusini mwaka 1867, kisha Mweru, kisha Bangweulu. Alipougua sana, aliyembeba na kumlisha alikuwa Muhammad bin Gharib, mfanyabiashara Mwarabu ambaye katika bidhaa zake walikuwemo watumwa. Jambo hili lazima lisemwe wazi: mpinga utumwa alikuwa hai kwa hisani ya wauza watumwa, na alilijua hilo.

Tarehe 14 Machi 1869 akashuka mtumbwi Ujiji. Alitegemea kukuta shehena iliyotumwa kutoka Zanzibar: vitambaa, shanga, dawa na barua. Akakuta majora 62 kati ya 80 yameshaibiwa, na dawa zimeachwa Unyanyembe, yaani Tabora ya leo. Akakaa akaandika. Aliandika barua zaidi ya 40. Hapo ndipo shida ya posta ya Ujiji ilipoanza, maana posta haikuwepo. Hata Zanzibar kwenyewe, ofisi ya posta ya Kihindi iliyofunguliwa 1868 ilifungwa 1869 na haikufunguliwa tena mpaka 1875. Ukiwa Ujiji, barua ulimpa mtu wa msafara, naye akaamua. Na wenye misafara wengi walikuwa na kila sababu ya kutotaka karatasi zile zifike kwa balozi wa Uingereza, kwa kuwa waliyajua yaliyoandikwa ndani. Wengine walikataa kuzipokea mchana kweupe. Mwisho akampata wa kuzichukua, akamlipa, na barua zile hazikufika. Livingstone aliamini ziliharibiwa kwa makusudi. Zaidi ya saini 40 kwa mkupuo mmoja. Leo zingekuwa utajiri wa kutisha, na labda ziliishia kuwashia moto wa ugali.

Julai 1869 akavuka ziwa kwenda Manyema, ng'ambo, Kongo ya leo. Alidhani ni miezi michache. Akakaa miaka miwili na zaidi. Kule karatasi zikamwishia. Nadhani hapa ndipo unapomwona mtu halisi. Alichukua gazeti la zamani, The Standard la tarehe 24 Novemba 1869, akaandika juu ya maandishi ya gazeti, kwa kulizungusha ili mistari yake ikatize mistari iliyochapwa. Wino nao ukaisha, akatengeneza wake kwa zingifuri, zile mbegu nyekundu za mzingifuri. Februari 1871 akiwa Kabambare, ambako yeye alikuita Bambarre, alimwandikia rafiki yake Horace Waller barua kwenye vipande vya karatasi chakavu. Barua hiyo ilizunguka dunia hadi ikaja kuwa mali ya mkusanyaji mmoja, mpiga picha Peter Beard, Mmarekani aliyeishi Kenya. Kwa miaka mingi aliyekuwa nayo hakuweza kuisoma. Wino umefifia, karatasi imevuja pande zote mbili. Alikuwa na saini bila maneno, kama wale wa kukata vipande, ila yeye hakukata, ni muda ndio uliokata.

Mwaka 2010 kundi la wasomi lililoongozwa na Adrian Wisnicki likaipiga barua ile picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, hata ile isiyoonekana kwa macho, wakachambua kwa kompyuta mpaka wino ukajitenga na karatasi. Ikasomeka. Wakahamia kwenye lile gazeti la Manyema lililotunzwa Blantyre, na mwaka 2011 wakatoa matokeo. Hapo mambo yakawa mazito.

Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, siku ya soko. Watu wenye bunduki kutoka kwa wafanyabiashara walifyatua risasi ndani ya umati uliojaa wanawake. Wengine walikufa kwa risasi, wengine kwa maji wakikimbilia mitumbwi. Mamia walikufa. Alirudi Ujiji akiwa amevunjika, na maelezo yake ya siku ile ndiyo yaliyoamsha hasira Uingereza. Wote tuliyasoma kwa namna fulani, angalau kwa muhtasari. Kumbe maelezo hayo aliyanakili upya baadaye, kwa utulivu, kwenye daftari kubwa. Kwenye gazeti lenyewe, alipoandika papo hapo, yapo mambo ambayo nakala safi haina, ikiwemo wasiwasi kwamba huenda hata watu waliotumwa kutoka pwani kumtumikia yeye walihusika na ghasia za kule. Alipokopi, aliyapunguza. Mimi simwiti mwongo. Lakini kila mtu aliyewahi kuandika ripoti ya mafunzo kwa vitendo anajua tofauti ya daftari la kila siku na ripoti unayomkabidhi msimamizi. Saini ni ileile, ushahidi si uleule.

Alifika Ujiji tarehe 23 Oktoba 1871, mifupa mitupu. Akakuta shehena ya pili nayo imekwenda. Aliyeitunza, mtu aitwaye Sharifu, alipiga ramli akajiridhisha kwamba Dakta amekufa Manyema, akauza kila kitu: yadi 3,000 za vitambaa na ratili 700 za shanga. Cha kuudhi zaidi, alikuwa anapita na kumsalimia Livingstone kila siku bila soni, mpaka alipoambiwa aache. Kwa hiyo staa aliyekuwa akizongwa barabarani London alikuwa ombaomba kwenye mji wetu, na majirani Waarabu wakimkopesha ale.

Siku chache baadaye ndiyo ile ya bunduki na bendera ya Marekani. Stanley mwenyewe aliandika ni tarehe 10 Novemba 1871. Wasomi wanabishana, maana wote wawili hesabu ya siku iliwapotea. Salamu maarufu siigusi, kwa sababu kurasa za daftari la Stanley za siku hiyo zimechanwa, na Livingstone hakuiandika. Kilichonivutia ni mfuko aliouleta. Mfuko huo wa barua ulifungwa Zanzibar tarehe 1 Novemba 1870 kwa ajili ya Livingstone. Msafara uliopewa ulikaa Bagamoyo zaidi ya miezi mitatu ukila posho, ukasogea hadi Unyanyembe ukakwama kwa vita vya Mirambo. Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, aliukuta pale akaubeba. Mwaka mzima kutoka Zanzibar hadi Ujiji! Livingstone aliufungua akausoma barua moja mbili za watoto wake, akauweka magotini, akataka kwanza asikie habari za dunia. Alisema amesubiri barua kwa miaka, anaweza kusubiri kidogo tena. Mtu mwingine angeona ni pozi. Mimi naona ni mtu aliyekwisha kuzoea.

Wakazunguka pamoja kaskazini mwa ziwa kwa mtumbwi, wakaona kwamba mto Rusizi unaingia ziwani wala hautoki, kwa hiyo si Nile. Wakarudi, na Desemba 1871 wakaondoka Ujiji kwenda Unyanyembe. Ila kabla ya hapo Stanley alishamwomba jambo moja: amwandikie barua mwenye gazeti, James Gordon Bennett, ya kushukuru. Livingstone akaandika, Ujiji, Novemba 1871, kwa mkono wake. Hiyo ndiyo kadi ya besiboli iliyosainiwa. Bennett alitumia pesa nyingi kuipata kuliko shabiki yeyote niliyewahi kumsikia. Na Machi 1872 walipoagana, Livingstone akamkabidhi Stanley daftari lake kubwa likiwa limefungwa na kupigwa mihuri mitano, ya kugandamiza sarafu kwenye lakiri, kwa ajili ya binti yake Agnes. Hakutaka lifunguliwe njiani. Baada ya zile barua 40 unamwelewa.

Stanley alipofika Ulaya, wengi hawakumwamini. Chama cha Jiografia cha London kilikuwa kimeshatuma msafara wake, na mkuu wake alikuwa ameshafanya utani kwamba labda Livingstone ndiye aliyemwokoa Stanley. Magazeti yakanong'ona kwamba zile barua zilizochapwa New York ni za kughushi. Lugha yake ilikuwa ya mzaha mno kwa mmisionari. Ubishi ukaisha kwa mwandiko. Mwezi Agosti 1872 Tom, mtoto wa Livingstone, alithibitisha kwa maandishi kwamba daftari na barua ni za baba yake, na Waziri wa Mambo ya Nje, Lord Granville, naye akakiri kwamba wizara haina shaka. Malkia akamtumia Stanley kibweta cha dhahabu chenye almasi. Cha kuchekesha, hakuna aliyeuliza kuhusu saini ya Stanley mwenyewe. Huyo jina lake la kuzaliwa ni John Rowlands, mtoto wa Wales aliyelelewa kwenye nyumba ya maskini. Hilo la Stanley alijipatia Marekani.

Barua zilizofika zilifanya kazi ambayo zile zilizopotea hazikupata kuifanya. Habari za Nyangwe zilizidisha shinikizo, na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash akatia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa Zanzibar. Utumwa wenyewe haukuisha siku hiyo, ila mlango mkubwa ulifungwa. Aliyeziandika hakujua. Alikuwa ameshakufa mwezi mmoja kabla.

Stanley alimpelekea kutoka pwani watu 57, na Agosti 1872 Livingstone akaondoka Unyanyembe kurudi kusini. Mvua, vinamasi vya Bangweulu, damu tumboni. Alifariki alfajiri ya tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, wakauzika moyo wake chini ya mti wa mvula, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa kitambaa na magome, wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500. Unyanyembe walimkuta luteni wa Kiingereza, Cameron, akawashauri wamzike palepale. Wakagoma. Cameron akaendelea hadi Ujiji, na huko Februari 1874 akazikuta karatasi nyingine za Livingstone zikiwa bado zimehifadhiwa, akazipeleka pwani. Kwa hiyo safari hii Ujiji ilitunza, na ni haki yetu kulisema.

Februari hiyohiyo mwili ukafika Bagamoyo. Wapagazi wakalipwa ujira wao, wakaambiwa kwaheri. London, daktari Sir William Fergusson alihakikisha ni yeye kwa ule mfupa wa mkono wa kushoto uliovunjwa na simba. Mkono wa kulia ulithibitishwa na Tom, wa kushoto na Fergusson. Akazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma hawakuwahi mazishi. Walipelekwa Uingereza baadaye, wakakaa na Horace Waller wakimsaidia kuelewa madaftari ya Dakta, majina ya mahali, watu na siku. Kitabu kikatoka mwisho wa mwaka, na jina la mhariri ni la Waller. Chama cha Jiografia kiliwatengenezea wapagazi 60 medali za fedha, lakini wengi walikuwa wameshatawanyika.

Kati ya wale waliokuwepo kwa Chitambo alikuwepo kijana mmoja, Jacob Wainwright. Alikuwa Mwafrika aliyekombolewa utumwani akasomeshwa Nasik, India, akaja na kundi alilolituma Stanley. Kwa sababu alikuwa anajua kuandika, ndiye aliyeorodhesha mali ya marehemu pale kambini, ili mtu yeyote asije kuwaita wenzake wezi. Ndiye aliyechonga kwenye ule mti wa mvula jina la Livingstone na tarehe, na chini yake akachonga majina ya viongozi wa wapagazi. Mti ulikatwa mwaka 1899, na kipande chenye maandishi kikapelekwa London. Yeye peke yake kati ya wapagazi ndiye aliyesafiri na jeneza na kushika kamba zake kaburini. Aliandika pia daftari lake la safari ile, na mwaka 2019 kurasa zake zikawekwa mtandaoni. Ukiingia utaona mwandiko ulionyooka, wa mtu aliyefundishwa vizuri. Alirudi Afrika Mashariki, na akafia Urambo mwaka 1892. Ukipanda treni ya Kigoma, Urambo unaipita baada ya Tabora, kabla ya Kaliua.